Ndani ya 61,741,120

Sensa ya usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania. Mpanga mipango husoma hapo madarasa, dawa na maji. Mwanahisabati huuliza jambo jingine: namba hii imeundwa na namba tasa zipi?

Inaishia na sifuri, basi inagawanyika kwa 10. Ukizidi kuigawa kwa 2, utafanya hivyo mara sita kwa jumla kabla ya kufikia namba witiri. Kisha 7 inaingia bila baki, na inasalia 27,563. Hapa wanafunzi wengi hukata tamaa, maana 11, 13, 17, 19 na zinazofuata zote zinaacha baki. Anayevumilia mpaka 43 anaipata: 43 × 641. Nayo 641 haivunjiki tena. Kwa kuwa 26 × 26 ni 676, inatosha kuijaribu kwa namba tasa zote hadi 23, na hakuna hata moja inayoigawa.

61,741,120 = 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641

Anza na kigawo chochote, utaishia kwenye orodha hii hii.

Kinachonivutia zaidi ni namna orodha hiyo ilivyozaliwa. Jumla ile ni ya Tanzania Bara, watu 59,851,347, na Zanzibar, watu 1,889,773. Hakuna hata kimoja kati ya vigawo tasa vile vitano kinachoigawa Bara, wala kinachoigawa Zanzibar! Ukigawa Bara kwa 7 inabaki 3, Zanzibar inabaki 4. Mabaki yakikutana yanatimia 7. Kujumlisha hakurithishi vigawo.

Sasa chukua mtoto aliyezaliwa hapa Bagara, mjini Babati, baada ya saa sita ya usiku ule. Hakuhesabiwa. Lau angeongezwa yeye peke yake, tungepata 61,741,121, na vigawo vyote vitano vingetoweka kwa mara moja, kwani namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja isipokuwa 1. Badala yake ingeingia 13: 13 × 4,749,317.

Namba 641 ina historia yake. Mwanahisabati Fermat aliamini kwamba 2³² + 1, yaani 4,294,967,297, ni namba tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Euler, alionyesha kuwa ni 641 × 6,700,417. Kuzidisha hizo mbili kwa kalamu ni kazi ya dakika chache. Kuzitafuta ukiwa na zao lake tu ni kazi ngumu mno. Ugumu huo ndio uliotumiwa mwaka 1977 kubuni mfumo wa RSA wa kulinda siri kwenye kompyuta: namba tasa mbili zenye mamia ya tarakimu huzidishwa, zao hutangazwa hadharani, na mwenye kuzijua hizo mbili ndiye anayeweza kufungua ujumbe.