Kabla ya kununua kamera kongwe ya mkanda Sumbawanga, uliza kuhusu betri

Anayetafuta kamera kongwe ya mkanda huanza na majina. Leica au Canon? Yashica au Zorki? Kwa anayeishi Sumbawanga, Matai, Laela au Namanyere, majina yasubiri. Swali la kwanza ni hili: betri ikiisha, kamera hiyo itaendelea kupiga picha? La pili: mkanda wake utatoka wapi, na nani atausafisha? Ukishapata majibu ya maswali hayo mawili, kazi kubwa ya kuchagua umeimaliza.

Nazungumzia aina moja ya kamera, ile ambayo wapiga picha huiita renjifainda. Tofauti na kamera kubwa zilizozoeleka studio, hii haina kioo ndani wala huoni kupitia lenzi. Unatazama kwenye kidirisha kilicho juu ya lenzi, na katikati ya kidirisha hicho kuna doa la manjano lenye taswira ya pili. Ukizungusha pete ya lenzi, taswira hiyo inasogea. Zikilaliana zote mbili zikawa moja, umelenga sawasawa, na hapo unabonyeza.

Kwa kuwa hakuna kioo cha kuruka ndani, kamera hizi ni ndogo, hazipigi kelele na hazitikisiki sana mkononi. Ndiyo maana zinafaa mno kwa picha za watu: mama jikoni jioni, wazee kwenye kikao, kwaya ikiimba kanisani. Mtu anasahau haraka kwamba kuna kamera.

Zilikotoka

Mjerumani Oskar Barnack ndiye aliyebuni Leica, iliyoingia sokoni mwaka 1925. Mwaka 1932 ilitoka Leica II, ambayo renjifainda yake iliunganishwa na lenzi, na mwaka huohuo Zeiss Ikon ikatoa Contax. Leica M3 ya mwaka 1954 ndiyo mpaka leo wengi wanaipimia nyingine zote, na bei yake inalingana na sifa hiyo.

Warusi na Waukraine walifuata njia yao. FED ilianza kutengenezwa mwaka 1934 huko Kharkov, katika makazi ya kulelea vijana wasio na wazazi. Zorki ikafuata baada ya vita, na Zorki 4 ilitengenezwa kuanzia 1956 hadi 1973 kwa idadi iliyozidi milioni moja. Kisha wakaja Wajapani na kamera za bei ya mtu wa kawaida, zenye lenzi isiyobadilishwa: Canonet mwaka 1961, Yashica Electro 35 na Minolta Hi-Matic 7s mwaka 1966, Olympus 35 RC mwaka 1970, na Canonet QL17 G-III mwaka 1972. Mwenye mfuko wa kawaida anunue katika kundi hili la Wajapani au lile la Zorki na FED.

Betri ndiyo inayoamua

Kamera nyingi za Kijapani za miaka ile zilitumia betri za zebaki. Canonet QL17, kwa mfano, ilitengenezewa betri ya volti 1.35. Betri hizo zimeondolewa sokoni kwa sababu zebaki ni sumu. Ukiweka betri ya kawaida ya volti 1.5 iliyolingana nayo kwa umbo, kamera itawaka, lakini kipima mwanga kinaweza kukudanganya. Betri za mashine za kusaidia kusikia zina volti zinazokaribia zile za zamani, ila ukishabandua karatasi yake zinakauka baada ya muda mfupi, utumie usitumie.

Sasa angalia kinachotokea betri inapokosekana kabisa. Yashica Electro 35 inaongozwa na umeme. Bila betri, shata yake, yaani kile kinachofunguka na kufunga ili kupitisha mwanga, inabaki na kasi moja tu, 1/500 ya sekunde. Mchana wa jua utapata picha, lakini ikifika jioni umekwama. Lenzi yake ya milimita 45 yenye uwazi wa f/1.7 ni nzuri kweli, na wanaoipenda wana haki. Ila betri yake ya awali ilikuwa ya volti 5.6, na leo utahitaji betri ya volti 6 pamoja na kifaa cha kuishikilia. Kama huna uhakika wa kuipata kila mara, usiifanye kuwa kamera yako pekee.

Canonet QL17, Hi-Matic 7s na Olympus 35 RC ni kisa kingine. Shata zake zinaendeshwa na springi na meno ya chuma. Betri ikifa, kinachokufa ni kipima mwanga tu. Unaweka kasi na uwazi wa lenzi kwa mkono, unaendelea na kazi. Zorki 4 na FED 2 hazijui betri tangu zizaliwe.

Utapimaje mwanga bila kipimo? Jua la uwanda huu wa Ufipa linakusaidia. Kuna kanuni ya zamani: jua likiwa kali na anga halina wingu, weka uwazi wa f/16 na kasi inayolingana na namba ya mkanda. Mkanda wa ISO 100, kasi ya 1/125. Mkanda wa ISO 400, kasi ya 1/500. Wingu likifunika, fungua hadi f/8. Kivuli kizito, f/4. Kiangazi, kuanzia Mei mpaka Oktoba, anga ya Sumbawanga hubaki vilevile kwa saa nyingi, na kanuni hiyo inafanya kazi bila kukuangusha.

Hesabu hiyo inakuonya jambo jingine. Kamera nyingi za Kijapani nilizotaja zinaishia kasi ya 1/500. Mkanda wa ISO 400 saa sita mchana umeshafika mwisho wa uwezo wa kamera, huna pa kwenda tena. Kwa kazi za nje wakati wa kiangazi nunua ISO 100 au 200. Weka ISO 400 kwa ajili ya ndani ya nyumba na siku za mvua.

Jua, baridi, vumbi na mvua

Uwanda wetu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mazingira haya yanazijaribu kamera kongwe kwa namna zake.

Jua kwanza. Zorki na FED zina shata ya pazia la kitambaa, na hakuna kioo cha kulikinga. Ukiiacha kamera imelala huku lenzi ikitazama jua, miale inakusanyika kwenye kitambaa na kukitoboa. Tundu dogo tu linatosha kuweka doa jeupe kwenye kila picha. Funika lenzi kila usipopiga. Ila kumbuka pia kuifunua, kwani kwa vile huoni kupitia lenzi, kidirisha hakitakuonyesha kwamba kifuniko bado kipo, na unaweza kumaliza picha 36 gizani.

Baridi ya Juni na Julai inagandisha grisi iliyozeeka. Shata iliyolia vizuri dukani Dar es Salaam inaweza kuburuta miguu alfajiri ya Sumbawanga, hasa kwenye kasi ndogo. Vumbi la barabara za vijijini nalo linaingia kwenye pete ya lenzi, kwa hiyo kamera isafiri ndani ya mfuko uliofungwa.

Mvua za Novemba hadi Aprili zinaleta kuvu. Usiifungie kamera kwenye mkoba wa ngozi ukauweka kabatini msimu mzima. Iache mahali penye hewa, au kwenye chombo chenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Njia bora kuliko zote ni kuitumia.

Ikague kabla ya kutoa pesa

Picha za muuzaji kwenye simu hazitoshi. Ukinunua hivyo, utauziwa mbuzi kwenye gunia. Kama kamera iko mbele yako, ishike na uikague hatua kwa hatua.

Fungua mgongo. Gusa sponji nyeusi zilizo kwenye mifereji ya mlango. Kama zinanata na kuacha masizi vidoleni, mwanga utapenya. Hilo si kosa la kuikataa kamera, kwani sponji hubadilishwa, lakini lipunguze bei. Fungua nyumba ya betri. Ukiona unga wa kijani, betri ilivujia humo na nyaya zinaweza kuwa zimeliwa.

Weka kasi kwenye herufi B, fungua lenzi mpaka mwisho, bonyeza na ushikilie. Elekeza kamera dirishani utazame kupitia nyuma. Vumbi kidogo halidhuru. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui. Hiyo ni kuvu. Ikiwa imejaa katikati ya lenzi, iache. Tazama pia mabawa ya shata: yawe makavu. Mafuta yakionekana juu yake, leo yatafunguka na kesho yatashikana.

Piga kasi zote kuanzia ndogo. Masikio yako yanatosha kutofautisha 1/4 na 1/15, na kama zote zinalia sawa, kuna kilichokwama. Kwa Zorki 4, zungusha kwanza kitufe cha kusogeza mkanda, ndipo ubadilishe kasi. Ukigeuza utaratibu huo unaweza kuiharibu papo hapo mbele ya mwenyewe. Kwa Yashica Electro 35, sikiliza unapovuta wenzo wa kusogeza mkanda: lazima usikie mlio mzito ndani. Usiposikia, kuna kipande laini kilichooza ndani, nacho kinahitaji fundi wa kufungua mwili mzima.

Mwisho, toka nje ukaipime renjifainda yenyewe. Hapa mjini tuna kipimo kilichosimama bure: safu ya Mbizi. Zungusha lenzi mpaka alama ya mbali kabisa, kisha lenga mnara au mti uliosimama peke yake juu ya mlima. Taswira mbili lazima ziwe moja, bila mguu wa pili pembeni. Zikiachana kushoto na kulia, kamera inarekebishika. Zikiachana juu na chini, marekebisho ni magumu zaidi. Doa la manjano likiwa limefifia hadi ulitafute, fikiria utakavyolitafuta saa moja jioni.

Mkanda na kuusafisha

Kwa mikanda ya rangi, utaagiza na kusafirisha, na matokeo yatachelewa. Kwa nyeusi na nyeupe hali ni njema zaidi, kwa sababu kazi unaifanya nyumbani: tangi dogo lisilopitisha mwanga, dawa ya kutoa picha, dawa ya kuishikisha, na maji. Nipe mkanda wa Ilford HP5 Plus na dawa ya ID-11 isiyochanganywa na maji zaidi, na kazi ya kutoa picha ni dakika 7 na nusu katika nyuzi joto 20.

Nyuzi 20 ndizo zinazoipa Sumbawanga heri juu ya miji ya pwani. Mwenzetu wa Dar es Salaam anapambana kuyapoza maji yake kwa barafu. Sisi maji ya bomba yako karibu na kiwango hicho sehemu kubwa ya mwaka, na wakati wa baridi unaongeza kikombe cha maji ya moto. Mikanda ambayo haijatumika nayo inakaa vizuri kwenye ubaridi wa uwanda kuliko kwenye joto la Bonde la Rukwa. Ukishuka kuelekea ziwani, usiiache garini juani.

Faida ya taabu yote hii ni negativu, kitu cha kushikika kisichohitaji nywila wala chaji. Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, imewapa Wazanzibari kumbukumbu ya mji wao kwa sababu picha zilitunzwa. Mkoa wa Rukwa unastahili hazina ya namna hiyo, na hatuna sababu ya kusubiri mgeni aje kuijenga.

Ninayoipendekeza

Kamera hii haifanyi kila kitu. Ukitaka mbega wekundu wa Msitu wa Mbizi wakiwa juu ya miti, tafuta kamera ya lenzi ndefu. Ukitaka ua kwa karibu, renjifainda nyingi zinagoma chini ya sentimita 80. Nguvu yake ni mtu na mahali pake. Chukua mfano wa malungu, yale matanuru marefu ambayo Wafipa waliyeyushia chuma, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Tanuru la mita 3, ukisimama mita 4 kutoka kwake na kamera ukiishika wima, linaingia lote kwenye lenzi ya milimita 40, na mjukuu wa mhunzi anaweza kusimama kando yake.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Anayeanza atafute Canonet QL17, Hi-Matic 7s au Olympus 35 RC, yoyote itakayofaulu ukaguzi, bila kujali ipi ina sifa zaidi. Anayetaka kubadilisha lenzi na mwenye subira achukue Zorki 4 au FED 2. Electro 35 iwe kamera ya pili. Leica ni ya mwenye pesa ya kuinunua pamoja na pesa ya kuitengeneza.

Na ukishapanga bajeti, igawe mara mbili: nusu ya kamera, nusu ya mikanda na dawa. Kamera ya bei nafuu yenye mikanda kumi itakufundisha kupiga picha, na itaacha negativu 360 za Ufipa ambazo leo hazipo.