Neno "strike" si mgomo tu



Mwenzetu mmoja wa Muyinga, aliyekuwa akifanya kazi za msimu ng'ambo ya mpaka wa Kobero, alituletea barua ya Kiingereza. Mwanawe anayesoma shule aliona humo maneno "struck off", akafungua kamusi, akamwambia: "Baba, wanasema uligoma." Mzee hajapata kugoma maishani mwake. Alikuwa tayari kujibu kwamba anasingiziwa. Kumbe barua ilisema jina lake limefutwa katika orodha ya wafanyakazi, na hilo ndilo lililotakiwa kujibiwa.

Karatasi za namna hii tutazidi kukutana nazo. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na tangu 2014 Kiingereza ni lugha rasmi kwetu pamoja na Kirundi na Kifaransa. Kwa hiyo tumeona vyema tulieleze neno hili.

Maana yake ya kawaida ni kupiga. Saa ikigonga, radi ikipiga, mtu akiwasha kiberiti, Mwingereza hutumia neno hilohilo. Tusimcheke, sisi nasi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga kura, na hakuna anayeumia. Redioni ukisikia "air strike" usidhani marubani wamegoma. Ni ndege za vita zimeshambulia.

Sasa kupiga kuligeukaje kuwa kugoma? Kwa mabaharia, "strike" ni pia kushusha tanga. Mwaka 1768 mabaharia wa London waliokuwa wakidai mishahara walishusha matanga ya meli za biashara ili zisiondoke. Toka hapo kuacha kazi kwa pamoja kukaitwa hivyo. Neno la Kifaransa tulilolizoea, "grève", lilipita njia nyingine. Limetokana na uwanja wa Place de Grève mjini Paris, kando ya mto Seine, ambako watu wasio na kazi walikusanyika kungoja waajiri. Yaani jina la wanaotafuta kazi likawa la wanaoiacha! Kiswahili hakina mzunguko huo: punda hugoma, gari hugoma, na mtu hugoma.

Wenzetu wa Mombasa walipogoma Januari 1947, bandarini, relini na kwingineko, Waingereza waliuita "general strike", mgomo wa wote. Lakini "strike a bargain" ni kufikia mapatano. Mwajiri akiyasema hayo hatishi mtu, anataka mkubaliane.

Hatari imo katika maneno madogo yanayolifuata au kulitangulia. "On strike" ni kuwa katika mgomo. "Strike off" na "strike out" ni kufuta: jina, kifungu cha mkataba, hata shauri mahakamani. Tena likieleza jambo lililopita hugeuka kuwa "struck". Anayetafuta "strike" peke yake atasoma karatasi nzima asilione, na huku jina lake limekwisha kuondolewa.

Basi kabla ya kutia sahihi au kidole, tazama neno hilo limekaa karibu na nini. Walio Gitega walete karatasi ofisini kwetu. Walio Muyinga wampe mjumbe wao nakala, na ile yenyewe wabaki nayo nyumbani.