Makoko Bila Kukimbizwa na Magari

Makoko, kata ya Manispaa ya Musoma kando ya Ziwa Victoria, haihitaji barabara za juu ili watu wake watembee salama.

Jijini Dar es Salaam, shirika la usalama barabarani la Amend lilianza na maeneo ya shule: matuta, alama, vivuko na njia ya waenda kwa miguu iliyotengwa na magari. Mradi huo, SARSAI, ulishinda tuzo ya miji ya taasisi ya World Resources Institute (WRI) mwaka 2019. Na matuta, alama na vivuko hivyo wala si vitu vya gharama kubwa! Matuta hupunguza mwendo: gari likienda kilomita 30 kwa saa badala ya 50, dereva huwahi kusimama, na hata anayegongwa ana nafasi kubwa zaidi ya kupona.

Huku Makoko, waendesha baiskeli nao hugombania ukingo wa lami na bodaboda. Manispaa ianzie kwenye njia za shule.