Karatasi za Babu Zisitupwe

Mhifadhi wa nyaraka hakomi kuulizwa swali hili: "Miswada ya marehemu babu nimeshaipiga picha kwa simu na kuituma kwenye kundi la familia. Makaratasi haya ya nini tena?"

Yasitupwe. Wala yasichomwe.

Imani kwamba kilichoingia kwenye simu kimehifadhiwa ni hatari kama mchwa. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa ili iwe nyepesi. Picha ya harusi haidhuriki sana. Lakini katika utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu, be, te na the hutofautishwa na nukta tu. Nukta zikififia, msomaji hubaki kukisia, na kwa kukisia huharibu mizani na vina. Isitoshe, karatasi ina ushahidi usioonekana kwenye simu: alama ya kiwanda inayojitokeza ikishikwa mbele ya mwanga, aina ya wino, mishono ya jalada. Kwa ushahidi huo ndipo umri wa mswada usio na tarehe hukadiriwa.

Na vifaa navyo hufa. Mwaka 1986 BBC iliadhimisha miaka 900 ya Domesday Book, daftari la ardhi na mali za Uingereza la mwaka 1086, kwa kutengeneza toleo jipya kwenye diski za leza. Zaidi ya watu milioni moja walichangia. Miaka kama 15 baadaye mashine za kuzisomea zilikuwa adimu, na wataalamu wakahangaika kuokoa yaliyomo. Daftari la ngozi la 1086 lingali linasomeka.

Hata taasisi kubwa haina kinga. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha kitaalamu chini ya mradi wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini. Oktoba 2023 wadukuzi waliishambulia maktaba hiyo, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikalala kwa miezi. Bahati njema, masharti ya mradi hayaruhusu miswada asilia kutolewa nchini mwake.

Teknolojia itumike basi, ila itumike sawasawa. Karatasi ilazwe, mwanga utoke pande mbili, kila ukurasa upigwe pamoja na pambizo zake, kwa skana ikiwezekana, na faili ziwe za TIFF. Ziwepo nakala tatu, mojawapo nje ya nyumba. Jina la mwandishi, mahali na mwenye mswada viandikwe siku hiyo hiyo. Mzee anayeujua utenzi arekodiwe akiughani. Kupaka gundi, kubandika selotepu na kufunika kwa plastiki ya moto ni marufuku. Familia iulizwe kabla ya chochote kuwekwa mtandaoni. Kwa ushauri, walio Zanzibar waanzie Nyaraka za Taifa, Kilimani. Walio Dar es Salaam, Maktaba ya Chuo Kikuu, yenye mkusanyiko wake wa miswada ya Kiswahili.