Kupaka Mti wa Bunduki Rangi ya Chembechembe

Katika Marekani wako wawindaji wengi wa kulungu ambao bunduki zao zimechakaa mti, yaani ile sehemu ishikwayo na kuegemezwa begani. Vanishi imebanduka, na mvua ikinyesha mkono huteleza. Baadhi yao huupaka wenyewe nyumbani rangi ya mkebe wa kupulizia, yenye chembechembe, ambayo ikikauka huparuza kidogo kama msasa laini. Twasema "mti" kwa desturi tu, maana bunduki nyingi za siku hizi zina kitako cha plastiki.

Jambo la kwanza ni risasi. Kabla ya kushika bisibisi, bunduki huelekezwa pasipo mtu, sanduku la risasi hutolewa, bolti hufunguliwa, na chemba hukaguliwa kwa jicho na kwa kidole. Mtu asemaye, "Naijua bunduki yangu, haina kitu," na akague vile vile. Risasi zote zikae chumba kingine mpaka kazi iishe.

Ndipo mtutu na mitambo hutenganishwa na mti kwa kufungua skrubu za chini. Wavivu huacha mtutu mahali pake wakaufunika kwa karatasi. Lakini rangi hupenya, nayo ikifika penye kifyatulio huko si urembo tena, ni hatari.

Hapa twaomba msomaji aangalie sana. Ndani ya mti mna mfereji ulalamo mtutu, na nyuma yake kitanda cha mitambo. Humo hamna ruhusa ya rangi hata tone. Mtutu hutetemeka kila risasi itokapo, na katika bunduki nyingi fundi ameacha nafasi nyembamba ili usiguse mti. Rangi ya chembechembe ni nene. Ikiijaza nafasi hiyo, mti husukuma mtutu, na risasi huenda kando. Mwindaji atalaumu macho yake, na kulungu atakimbia na jeraha. Basi mfereji huzibwa kwa utepe wa karatasi wenye gundi.

Mafuta ni adui wa rangi. Mti huoshwa kwa sabuni, hukaushwa, husuguliwa msasa, hupanguswa vumbi. Miti ya kale iliyonyweshwa mafuta ya kitani, kama ile ya mjozi ya Lee-Enfield, haishiki rangi vema. Na kwa maoni yetu kuipaka ni hasara, kwani wakusanyaji huthamini hali yake ya asili. Hiyo yafaa kupakwa tena mafuta yale yale. Lakini matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yasirundikwe pembeni: huweza kupata joto na kuwaka yenyewe pasipo kiberiti. Yatandazwe nje yakauke.

Rangi hupulizwa mahali penye hewa, kwa umbali wa sentimita 25 hadi 30, tabaka nyembamba nyembamba, kila moja ikingojewa. Tabaka nene hutiririka. Mahali pa shavu pabaki laini, la sivyo kila mpigo utalichuna. Ikikauka kwa kuguswa haijakomaa bado. Huachwa siku kadhaa, kama mkebe uagizavyo.

Mwisho skrubu hukazwa, kisha kipande cha karatasi huvutwa kati ya mtutu na mfereji. Kikipita huru kama kilivyopita kabla ya kupaka, bunduki hupelekwa kwenye shabaha kupimwa upya, kabla ya kupelekwa porini.