Siafu wakivamia ploti, okoa vifaranga kwanza

Mvua ya masika ikianza, siafu nao huanza safari. Kama unafuga kuku kwenye kaploti kako Rongai au Kikuyu, usiku mmoja tu unatosha kukumalizia vifaranga wote.

Wengi hukimbilia petroli na kiberiti. Wacha hiyo! Utateketeza kizimba, pengine hata nyumba, na msafara wenyewe upitie kando.

Siafu wanaotembea kwenye msafara ni vipofu. Hufuata harufu ya wenzao. Kwa hivyo ukiwaona, hamisha kuku kwanza, hata kama ni jikoni. Kisha osha njia yao kwa maji ya sabuni ili harufu ipotee. Simamisha miguu ya kizimba ndani ya mikebe yenye oili chafu, na ukate nyasi zinazogusa kuta, maana hizo ndizo daraja lao.

Wamechimba kiota uani? Tulia. Siafu ni wahamaji: chakula kikipungua, wanasonga, tena wakiwa wamekulia mende. Wakishaenda, rudisha kuku, lakini mikebe ibaki. Ikagueni kila baada ya mvua, kwa sababu maji yakijaa, oili humwagika.