Vumbi Si Udongo Mtupu

Jina Nakuru hunasibishwa na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali penye vumbi. Yamkini ndiyo sababu, hata baada ya mji huu kutawazwa kuwa jiji mnamo Desemba 2021, mtoto abanwapo na pumu huambiwa tu ajiepushe na vumbi na baridi. Ushauri huo ni mwema, ila haujakamilika, kwani neno vumbi huficha mengi kuliko linavyofichua.

Vumbi la mjini si udongo mtupu. Humo mna chembe ndogo mno za metali zitokazo katika moshi wa magari, breki zao, taka zinazochomwa na karakana za jua kali. Fundi anapochomelea chuma kisichoshika kutu, moshi wake hubeba nikeli na kromiamu. Imejulikana kwa muda mrefu kwamba metali hizo zaweza kuwaletea wafanyakazi pumu: kinga ya mwili hujifunza kuziona kuwa adui, na kila moshi urejeapo, njia za hewa huvimba na kubana. Kuhusu mtoto apitaye tu barabarani, wataalamu wangali wanachunguza. Uhusiano umeonekana, lakini uhusiano si sawa na sababu. Hata hivyo, dalili ya mvua ni mawingu.

Heroe walipokufa kwa maelfu katika Ziwa Nakuru miaka ya 1990, watafiti walizitafuta metali nzito katika maiti zao. Ikiwa tuliuliza ndege wamekula nini, mbona tusiulize watoto wetu wanavuta nini?

Swali hilo laweza kuanzia darasani. Mwalimu amwonapo mwanafunzi akikohoa na kukoroma kifuani, asikomee kuuliza anaumwa nini; aulize anaumwa lini na wapi. Je, kifua humbana siku za karakana, kikamwachia wikendi na likizoni? Jibu la ndiyo ni ushahidi wa thamani kwa daktari, na mgonjwa aende nalo bila ya kuacha dawa zake. Nao wanafunzi wa ufundi wachomelee mahali penye hewa ya kutosha, wala wasiinamie moshi.

Tukiendelea kuliita kila jambo vumbi, tutafagia sakafu ilhali adui yumo hewani.